Kanuni Moja kwa Programu ya Mezani na ya Mtandaoni

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jambo ambalo wanafunzi wa chama cha kompyuta wameniuliza zaidi ya mara moja, na ambalo mzazi mmoja naye aliniuliza siku ya mkutano wa wazazi. Swali lenyewe ni hili: programu ya kupigia hesabu za alama ambayo imo ndani ya kompyuta ya ofisi ya shule, na ile ambayo mzazi aweza kuifungua kwa simu yake kwa njia ya mtandao, je, ni programu moja au ni mbili? Na kama ni mbili, ni nani awezaye kutuhakikishia kwamba zitatoa jibu moja? Swali hili ni zuri kuliko muulizaji alivyodhani, wala jibu lake si fupi.

Yafaa kwanza tuzitenge aina hizo mbili. Programu ya mezani ni ile iliyowekwa ndani ya kompyuta yenyewe, kama kitabu kilichomo sandukuni mwako: waifungua wakati wowote, hata mtandao ukiwa umekatika. Programu ya mtandaoni haimo katika kompyuta yako. Inakaa katika kompyuta nyingine, iitwayo seva, ambayo yaweza kuwa Dodoma au ng'ambo, nawe waifikia kwa kivinjari, yaani programu kama Firefox au Chrome. Ya kwanza yatufaa sana sisi tukaao Munisagara, katikati ya vilima, ambako mawasiliano hayatabiriki, hasa wakati wa masika. Ya pili yamfaa mzazi aliyeko Mikumi au Dar es Salaam, ambaye hapendi kulipa nauli ya kuja mpaka hapa ili aone karatasi moja tu. Kwa sababu hiyo shule, hospitali na ofisi nyingi hutaka zote mbili, na hapo ndipo shida inapoanza.

Tuchukue mfano ambao kila mtu katika shule hii anaujua, hata wale wasiopenda hesabu. Katika mtihani wa kidato cha nne, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, na pointi zake hujumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. 18 hadi 21 la pili. 22 hadi 25 la tatu. 26 hadi 33 la nne. Na 34 au 35 ni sifuri. Shule nyingi hutumia utaratibu huo huo kwa mitihani yao ya muhula, na ya muhula ndiyo ninayoisema hapa. Mitihani ya taifa ina Baraza lake.

Sasa tumfikirie mwanafunzi mmoja, ambaye nitamwita Asha. Mwisho wa muhula, Asha ana C mbili na D nne ambazo hazina wasiwasi. Somo lake la saba ni Jiografia. Katika jaribio la kwanza alipata 44, na katika la pili 45. Wastani wake ni 44.5. Je, hiyo ni C au ni D?

Ikiwa kanuni ya shule ni kwamba nusu hupandishwa juu, Asha ana 45, nayo ni C. Basi C tatu ni pointi 9, na D nne ni pointi 16, jumla 25: daraja la tatu. Ikiwa nusu hiyo itashushwa, Asha ana 44, nayo ni D. C mbili ni pointi 6, D tano ni pointi 20, jumla 26: daraja la nne. Tena C zake si tatu ila mbili, na kila mtu ajua kwamba mwanafunzi asiye na C tatu hawezi kuchaguliwa kwenda kidato cha tano. Ni kweli kwamba matokeo ya muhula hayampeleki mtu popote. Lakini baba yake Asha huyasoma, na pengine kutokana nayo ataamua kama anunue vitabu au kama binti huyu asaidie shamba zaidi. Nusu ya alama yaweza kuwa na uzito huo.

Mtu atasema, "Kompyuta haikosei katika hesabu ndogo kama hii." Sikiliza basi. Nenda kwenye kompyuta yenye Excel, andika =ROUND(44.5,0) katika kisanduku, nayo itakujibu 45. Lakini ndani ya Excel hiyo hiyo mna lugha ya kuandikia programu ndogondogo iitwayo VBA. Katika lugha hiyo andika Round(44.5), nayo itakujibu 44! Lugha ya Python nayo hujibu 44. JavaScript, ambayo ndiyo lugha ya vivinjari, kwa amri yake ya Math.round hujibu 45. Hakuna hata moja iliyokosea. Zinafuata desturi mbili mbalimbali za kukadiria. Desturi ya kwanza husema nusu ipande daima. Ya pili husema nusu iende kwenye namba shufwa iliyo karibu, na sababu yake ni ya busara: ukizikadiria namba elfu na kila nusu ukaipandisha, jumla yako itavimba, lakini ukizigawa nusu hizo, nyingine juu na nyingine chini, jumla itakaribia ukweli.

Kwa hiyo, kama fundi mmoja aliandika programu ya ofisini kwa VBA, na fundi mwingine akaandika ya mtandaoni kwa JavaScript, kila mmoja akisoma karatasi ile ile ya kanuni za shule na kila mmoja akiwa mwangalifu, Asha atakuwa na daraja la nne ofisini na daraja la tatu katika simu ya baba yake. Hakuna mtu aliyedanganya, na hakuna atakayejua mpaka karatasi hizo mbili ziwekwe mezani pamoja.

Hilo ni la kuandika. Na kubadilisha je? Walimu wanaokumbuka miaka ya nyuma watanisaidia hapa. Mwishoni mwa mwaka 2013 gredi zilibadilishwa, zikaongezwa B+ na E. Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa mwaka 2014 yakatolewa kwa GPA, ambayo ni wastani wa pointi unaokwenda kinyume: katika madaraja, pointi chache ndizo nzuri, katika GPA, kubwa ndiyo nzuri. Kisha matokeo ya mtihani wa mwaka 2015 yakarudi kwenye madaraja. Kila badiliko lilikuwa na hoja zake, wala si kazi yangu kuzipima hapa. Bali mfikirieni mwenye programu mbili: kila mara ilimbidi abadilishe mahali pawili, na asipokumbuka mahali pamoja, programu moja itampanga mwanafunzi wa mwisho kuwa wa kwanza.

Dawa ya jambo hili mafundi wa programu wanaijua tangu zamani. Kanuni huandikwa mara moja tu, ikawekwa peke yake, na programu zote zinazoihitaji zikaja kuiuliza. Fungu hilo la maandishi lililowekwa peke yake huitwa maktaba. Jina hili huwapoteza wengi, kwa sababu wanafikiri rafu za vitabu. Mimi binafsi ningeliita ghala, au hata kisima cha kijiji, lakini maktaba ndilo lililozoeleka, basi tulitumie. Maktaba ya alama hupewa alama za masomo, nayo hurudisha gredi, pointi na daraja. Haina zaidi ya hayo. Programu ya mezani huiuliza, kisha huchora jibu katika dirisha. Programu ya mtandaoni huiuliza maktaba ile ile, kisha hulipeleka jibu kwenye simu ya mzazi. Serikali ikibadilisha gredi kesho, pa kusahihisha ni pamoja.

Maneno hayo ni mepesi kuyasema. Kuyatenda kuna miiba yake, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mara nyingi programu ya mezani huwa ndiyo iliyotangulia. Miaka mitatu inapita, watu wanaizoea, halafu mkuu wa shule anasema sasa tunataka na ya mtandaoni. Fundi anaichukua kanuni kutoka programu ya zamani, anaipeleka kwenye seva, na inakataa kufanya kazi. Kwa nini?

Pengine kanuni ile, ikipewa alama 104, ilikuwa ikifungua dirisha dogo lenye maneno "Alama si sahihi" na kitufe cha "Sawa". Ofisini jambo hilo halina neno, kwani karani yupo na atabonyeza. Kwenye seva hakuna mtu. Hakuna kioo wala kipanya. Dirisha litafunguka pasipo wa kuliona, na programu itangoja kitufe kibonyezwe mpaka mtu aje kuizima. Ilipasa maktaba imrudishie muulizaji habari kwamba alama si sahihi, na muulizaji mwenyewe aamue namna ya kuitangaza: kwa dirisha, au kwa maandishi mekundu katika ukurasa, au kwa ujumbe wa simu.

Pengine kanuni ilisoma orodha ya masomo kutoka faili lililo katika diski ya kompyuta ile ya ofisini. Seva haina diski hiyo. Ilipasa orodha iletwe na anayeuliza.

Pengine kanuni iliuliza saa. Ofisini saa ni ya Tanzania. Seva nyingi huwekewa saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Alama zikiingizwa kati ya saa sita na saa tisa usiku, seva itaandika tarehe ya jana. Walimu wanaokamilisha matokeo usiku wa mwisho wanajua kwamba mfano huu si wa kubuni.

Na mwiba mkali kuliko yote ni huu. Programu ya mezani hutumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo fundi huona ni rahisi kuwa na mahali pamoja panapoitwa "mwanafunzi wa sasa", na hesabu zote zikasoma kutoka hapo. Programu ya mtandaoni hutumiwa na watu mia kwa dakika moja. Baba yake Asha anafungua, na kabla jibu halijatoka mama yake Juma anafungua naye, na "mwanafunzi wa sasa" anageuka kuwa Juma. Baba yake Asha anasoma alama za Juma zikiwa chini ya jina la binti yake. Ubaya zaidi, kosa hili haliji kila mara. Huja siku ya matokeo, watu wanapokuwa wengi, na fundi akijaribu peke yake siku ya pili yake haoni kitu. Dawa yake ni kwamba maktaba isikumbuke mtu. Ipewe alama, ijibu, isahau.

Watu wa wilaya hii wana mfano wa jambo hili karibu nao, katika reli. Reli ya kati ipitayo hapa katika bonde la Mkondoa ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, lakini behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Tawi la reli ya kati huondoka Kilosa, likapita Mikumi mpaka Kidatu, na huko Kidatu hukutana na TAZARA. Mwaka 1998 kilifunguliwa hapo kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja hadi nyingine. Mahindi ya magunia huhamishwa gunia kwa gunia, kwa mabega ya watu. Kontena huinuliwa mara moja kwa winchi na kuwekwa upande wa pili, na kilichomo ndani hakiguswi. Kontena laweza hivyo kwa sababu halina magurudumu. Halijui upana wa reli. Linalojulikana ni vipimo vyake na pembe zake zenye matundu ya kushikia, ambazo ni za namna moja dunia nzima. Leo kuna reli ya tatu, ile ya kisasa yenye milimita 1,435, ambayo tangu mwaka 2024 imebeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa kupitia Kilosa. Kontena lile lile lingefaa hapo pia, ijapokuwa wengi wa walioliunda hawakuijua.

Maktaba iliyoandikwa vizuri ni kontena. Dirisha, kipanya, diski na saa ndiyo magurudumu, nayo hubaki nje. Pembe zake ni maswali inayokubali kuulizwa: nipe alama, nikupe daraja. Fundi anayeacha gurudumu moja ndani ya kontena, hata dogo, atakuwa akihamisha magunia siku zote.

Sasa niwape mfano mkubwa zaidi, ambao unaihusu lugha yetu wenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao kutoka Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Ilikuwa ni tafsiri ya OpenOffice.org, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuitumia na kuibadilisha bila malipo. Siku zile mtu akiandika Kiswahili katika kompyuta aliona mistari myekundu ya mawimbi chini ya karibu kila neno, kana kwamba ukurasa mzima umekosewa, kwa sababu kompyuta ilidhani anaandika Kiingereza kibaya. Kwa hiyo kazi moja kubwa ilikuwa kuifundisha kompyuta maneno ya Kiswahili.

Kazi hiyo si ya kuorodhesha maneno ya kamusi tu. Chukua neno soma. Weka nafsi sita mbele yake, ni-, u-, a-, tu-, m- na wa-, na nyakati nne, -na-, -li-, -ta- na -me-, tayari una maneno 24. Ongeza -ki- ya kitabu, una 48. Bado hujasema hatukukisoma, wala asomaye, wala kusomeka, kusomesha na kusomewa. Neno moja la kamusi huzaa maelfu. Watu wa Hungaria wana shida kama yetu, ila wao huongeza viambishi mwishoni mwa neno. Mtu wa huko, László Németh, akaunda maktaba ya kusahihisha tahajia iitwayo Hunspell, yenye faili la mashina ya maneno, na faili la pili la kanuni za viambishi vinavyoweza kushikamana na mashina hayo.

Tazameni sasa jinsi Hunspell ilivyo kontena. Inaulizwa swali moja: neno hili ni sahihi au si sahihi? Nayo hujibu, na ikiulizwa zaidi hupendekeza maneno yaliyo karibu. Haijui habari ya mstari mwekundu. Mstari huchorwa na programu iliyouliza. Kwa sababu hiyo imekubalika katika LibreOffice, ambayo mwaka 2010 ilichipuka kutoka OpenOffice.org, na imekubalika vilevile katika Firefox na Chrome, ambamo watu huandika barua ndani ya kurasa za mtandao. Maktaba ni moja. Mezani imo, na kivinjarini imo. Na kwa kuwa maneno ya lugha yamewekwa katika mafaili ya pembeni, mwalimu wa Kiswahili asiyejua programu hata kidogo aweza kuongeza maneno. Katika mafaili ya LibreOffice, ya Kiswahili yamo chini ya jina sw_TZ, na herufi hizo mbili za mwisho ni Tanzania.

LibreOffice yenyewe nayo ilivuka. Tangu mwaka 2015 ilianza kutengenezwa ili itumike ndani ya kivinjari, na kampuni ya Collabora huitoa kwa jina la Collabora Online. Hawakuandika upya programu hiyo kubwa, yenye mamilioni ya mistari. Waliitenga sehemu inayojua nyaraka kutoka sehemu inayochora madirisha, wakaiweka ile ya kwanza kwenye seva. Seva huchora ukurasa wako, ikaukata vipande vya mraba kama vigae, na kuvituma kwenye kivinjari, nacho huvipanga. Ukibonyeza herufi, habari huenda seva na kigae kipya hurudi. Kwa njia hii waraka uliouandika mezani hufunguka mtandaoni ukiwa na mistari yake na jedwali zake zile zile. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, kwa sisi wa hapa ina bei yake: kila herufi hungoja mtandao, na mtandao ukikatika kalamu yako imekatika. Ningekuwa mimi ndiye wa kuchagua kwa ajili ya ofisi ya shule hii, ningeiweka ya mezani kuwa ya kazi na ya mtandaoni kuwa ya kuonyeshea.

Iko na njia ya kati. Tangu mwaka 2017 vivinjari vikubwa vyote vimeweza kuendesha namna ya maandishi iitwayo WebAssembly. Kwa njia hiyo maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya programu za mezani, kama C++, yaweza kugeuzwa na kupelekwa ndani ya kivinjari chenyewe, ikafanya kazi humo bila kuiuliza seva kila mara. Hunspell imekwisha kufanyiwa hivyo. Sitaeleza namna yake, kwa kuwa gazeti letu lina kurasa chache.

Lakini pengine haiwezekani kuwa na maktaba moja, na hapo mtu asilazimishe. Mfano wake ni ODK, mradi ulioanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wa kukusanyia habari kwa simu badala ya fomu za karatasi. Wengi wa wazazi wetu wamewaona wakusanya habari wakienda nyumba kwa nyumba na simu au kompyuta bapa, wakiuliza watoto ni wangapi na chandarua kipo. Nyingi ya kazi hizo hutumia ODK au ndugu zake. Fomu ina kanuni: kama jibu ni kwamba hakuna mtoto, ruka maswali kumi yanayofuata. Kanuni hizo husomwa na maktaba iitwayo JavaRosa, iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Maktaba hiyo imo katika programu ya simu, na imo pia katika programu ya mezani inayoikagua fomu kabla haijapelekwa kijijini. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Lakini mtu akitaka kujaza fomu ile ndani ya kivinjari, vivinjari havisemi Java. Programu ya mtandaoni iitwayo Enketo ikaandikwa kwa JavaScript, na ikabidi kanuni ziandikwe upya.

Kinachoziunganisha mbili hizo ni waraka, uitwao ODK XForms, unaoeleza neno kwa neno fomu yapasa kueleweka vipi. Kila upande huufuata. Ni kama walimu wawili wanaosahihisha mtihani mmoja wakiwa mikoa mbalimbali: hawakai meza moja, lakini wana mwongozo mmoja wa kusahihishia. CommCare, mradi mwingine wa aina hiyo ambao baadhi ya majaribio yake ya kwanza yalifanyika Tanzania mwaka 2008, ulichukua njia nyingine: uliiweka maktaba ya Java kwenye seva, na kivinjari kikabaki na kazi ya kuonyesha tu, kama Collabora walivyofanya na vigae vyao. Kila njia ina gharama. Ya waraka hudai nidhamu na ukaguzi usiokwisha, na ya seva hudai mtandao.

Na ukaguzi huo hufanywaje? Hapa narudi kwa Asha. Watu wanaotumia maktaba moja, na hata wanaotumia waraka mmoja, huandika orodha ya maswali ambayo majibu yake yanajulikana, na kila programu hupewa orodha hiyo kabla haijaruhusiwa kutumika. Ni mtihani wa programu. Nao, kama mtihani wowote, waweza kutungwa vibaya. Mtu mmoja wa chama cha kompyuta alipendekeza tuijaribu kanuni ya kukadiria kwa wastani wa 29.5, kwa kuwa ni mpaka wa F na D. Tukajaribu. Desturi ya kupandisha nusu ilitoa 30. Desturi ya namba shufwa nayo ilitoa 30, kwa kuwa 30 ni shufwa. Mtihani ule ungezipitisha programu zote mbili, na Asha asingepona! Ilibidi tuongeze 44.5, ambapo moja hujibu 45 na nyingine 44, na 64.5, ambapo majibu ni 65 na 64, na 74.5, ambapo ni 75 na 74. Mipaka mitatu kati ya minne ya gredi ina hatari hiyo, na ule mmoja usio na hatari ndio tuliouanza.

Kwa sasa orodha yetu ina maswali 12, nayo imebandikwa katika mlango wa chumba cha kompyuta. Manne ni hayo ya nusu. Mawili ni ya alama zisizowezekana, 104 na kasoro 3. Moja ni la mwanafunzi mwenye masomo sita tu, ambaye hatujakubaliana apewe nini, kwa hiyo jibu lake limeachwa wazi mpaka mwalimu wa taaluma atakapolitolea kauli. Moja ni la mwanafunzi mwenye masomo tisa, ili tuone kama programu huchagua yale saba mazuri. Mengine ni ya pointi 17 na 18, 21 na 22, 25 na 26, 33 na 34. Mwanafunzi yeyote, awe wa kidato cha kwanza au cha nne, akiwa na swali analofikiri litaitega programu, na aliandike chini ya orodha hiyo kwa kalamu ya risasi pamoja na jibu analolitazamia. Tutalipa swali hilo programu zote mbili, ya mezani na ya mtandaoni, siku ya Ijumaa baada ya vipindi.